Fishi ya Orki Aitwaye Kisiki

Kampire binti Semutobo alikuwa na dharau nyingi, na hakuwa mchoyo nayo. Aliwadharau wateja waliomletea barua zisizo na tarehe. Aliwadharau walimu walioandika makosa matatu katika mstari mmoja, halafu wakamsimamia begani kumfundisha kupiga chapa. Mtu akija na karatasi iliyokunjwa mara nane, aliipokea kwa ncha za vidole viwili na kuinyoosha polepole juu ya meza, mbele ya watu wote, mpaka mwenye karatasi aone haya. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameketi kwenye kiti kilekile cha plastiki, katika sekretariati ya Bertin karibu na soko la mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo, ambamo watu huingia kutwa kutafuta fotokopi, barua na fishi, zile fomu za kujazwa, za kila namna.

Alizaliwa Bibokoboko, kule juu milimani kwenye ng'ombe na baridi. Baba yake, Semutobo, alijua majina ya ng'ombe wake wote, na ya watoto wake aliyakumbuka akitulia. Kampire aliteremka kwa masomo, akabaki kwa kazi. Kule juu kulipoharibika kwa vita na ndugu zake wakatawanyika, wengine Minembwe, wengine mbali zaidi, yeye hakwenda popote. Baraka ilimlisha, na kila wiki ilimuuliza swali moja. Muuza sabuni alimuuliza. Mwenye nyumba alimuuliza. Askari wa barieri, kile kizuizi cha njiani, alimuuliza huku ameshika mkononi kadi ya Kampire ya kupigia kura, ambayo jibu limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa.

"Dada, we unatoka wapi?"

Akijibu kwamba Bibokoboko, swali lilirudi limeongezwa neno, kana kwamba watu wa ng'ombe wa kule juu hawawezi kuwa wa nchi hii. "Wapi kabisa?"

Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo hakuulizwa, napo ni pale pale kazini, Jumamosi saa nane mchana, Bertin akishafunga mlango kwa wateja. Hapo mashine ya fotokopi ilifunikwa kitambaa, meza ikafutwa, na watu wanne wazima wakaketi kucheza mchezo ambao, kama wangeonekana na waumini wa makanisa yao, wangeombewa kwa kufunga.

Mchezo wenyewe uliletwa na mzungu mmoja aliyekuwa akisimamia magari ya shirika fulani la misaada. Alichoka kunywa bia peke yake, akamfundisha Placide, mwalimu wa jiografia, na mkataba ulipokwisha akamwachia kitabu kinene cha Kifaransa na mfuko wa dadu, moja ikiwa na nyuso ishirini. Placide ndiye mwongozaji: anasimulia mahali, njia na hatari. Wengine kila mmoja ni kiumbe fulani, anasema kiumbe wake anafanya nini, na dadu inaamua kama ameweza au ameumbuka. Si lazima uwe binadamu. Kitabu kina makabila mengi ya viumbe ambao Mungu hakuwaumba, kila mmoja na picha yake, na hapo ndipo dharau ya Kampire ilipopata shamba jipya.

Kwake yeye, ukimwambia mtu achague kuwa nani asipokuwa mtu, atakuonyesha upumbavu wake wote bila kuombwa. Mkatekista mmoja alikuja mara moja, akauliza ni kabila gani kati ya hayo limebatizwa, akaondoka. Mtu mwingine alitaka kuwa joka, akaambiwa joka si la kuchezwa, akanuna mpaka jioni. Nusu-mtu, kile kiumbe kifupi chenye miguu ya manyoya kinachopenda chakula, Kampire hakutaka hata kukizungumzia: kutoka usingizini, kuja mezani kujifanya mtu mwingine, na mtu huyo mwingine naye awe ni wa kuwaza kula tu.

Bertin, tajiri wake, alichagua kibeti. Katika kitabu, vibeti ni wafupi wenye ndevu hadi kitovuni, wanachimba milima na kupenda dhahabu. Bertin alimpa wake jina la Komanda Kilo. Eneo zima la Fizi limejaa watu wanaochimba dhahabu mpaka migongo inapinda, na huyu, mwenye duka lenye paa na paneli ya jua, anakwenda kuota shoka na shimo! Tena kila wakikuta maiti ya jitu, Komanda Kilo ndiye wa kwanza kupekua mifuko. Kampire alisema kwamba Bertin hakuhitaji kitabu kwa hilo.

Lakini aliyemchefua zaidi ni Rosette, ambaye wote walimwita Mama Nadège kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa mama kutoka kijiji cha Lweba, wa miaka arobaini na saba, mnene, mwenye kucheka kwa tumbo, muuza ndakala, dagaa wadogo wa ziwani wanaokaushwa juani. Harufu yao iliingia naye mlangoni na kubaki mpaka Jumatatu. Alipoonyeshwa picha zote alichagua elfi, mrembo wa msituni mwenye masikio ya ncha, asiyetoka jasho, asiyezeeka, anayeishi miaka mia saba. Akamwita Bénédiction.

"Miaka mia saba," Kampire alimwambia siku ile, "na unaitumia ku kupiga filimbi na kuchana nywele."

"We ungeitumia ku nini, dada?"

"Ningejifunza kuandika muzuri kwanza."

Mama Nadège alicheka. Alicheka kila mara, na kila mara Kampire alimwona mpumbavu zaidi. Mwanamke anayeamka kabla ya jogoo kugombania makasha ya samaki, na ukimpa nafasi ya kuwa chochote duniani, anataka kuwa mwembamba.

Yeye Kampire alichagua orki. Placide alijaribu kumzuia. Orki ni kiumbe wa kijani, mwenye meno yaliyotokeza kama ya nguruwe, na kitabu kinasema wazi kwamba hapendwi popote: wenye nyumba za wageni humfungia, walinzi humsimamisha, watoto hukimbia. Kampire alisoma fungu hilo mara tatu, akaweka kidole juu yake.

"Huyu," akasema. "Huyu kama banamukatala, banajua sababu. Na yeye anajua."

Akamwita Kisiki, orki wa kike, na kwa mwaka mzima Kisiki alipigana, alibeba mizigo ya wenzake, alimtoa Komanda Kilo matopeni mara mbili kwa kumvuta ndevu, na alimtukana elfi asubuhi na jioni. Kampire alimpenda kuliko alivyowapenda watu wengi aliokuwa akiwajua. Siku za kazi, mteja akimchosha, alifikiria Jumamosi na kupumua.

Sasa, shida ilianza na karatasi. Wachezaji hawa waliandika habari za viumbe wao kwenye kurasa zilizochanwa daftari la shule: nguvu kiasi gani, akili kiasi gani, mali gani mfukoni. Walifuta na kuandika tena mpaka kurasa zikatoboka. Ya Mama Nadège ilikuwa na magamba ya samaki. Kampire, ambaye alikuwa amepiga chapa fishi za wanafunzi, za wagonjwa, za wakimbizi, za vikoba na za kwaya, hakuweza kuvumilia aibu hiyo ikae juu ya meza yake. Ijumaa moja wateja walipopungua, akafungua kompyuta na kuwatengenezea fishi ya maana.

Hakuanza kutoka hewani. Nani anaanza kutoka hewani? Katika nchi hii fishi zote ni ndugu: ukitafuta kazi, ukimwandikisha mtoto, ukiomba dawa ya mbuzi, mistari ni ileile. Akachukua ya zamani, akaondoa alichoona hakihitajiki, akaongeza Nguvu, Wepesi, Akili na Silaha. Jina, post-nom, yaani jina la pili, na prénom, lile la ubatizo, yakabaki. Akapanga mistari, akachora fremu, akaacha upande wa juu kulia nafasi ya picha. Akatoa nakala nne kwenye karatasi nyeupe nzito ambayo Bertin huwawekea watu wa harusi. Zilikuwa nzuri kweli. Alizitazama akajisifu moyoni, kisha akawadharau mapema wale watakaozijaza kwa mwandiko wa kuku.

Jumamosi wakazipokea kama vyeti. Placide aliishika yake ya ziada juu kwenye mwanga.

"Iyi ni kazi," akasema. "Dada Kampire, iyi sasa ni kazi."

"Elfi iko na post-nom?" Mama Nadège akauliza.

"Andika yoyote, Mama Nadège, lakini ndani ya mustari," Kampire akamjibu.

Wakainama kuandika. Kampire aliandika haraka, kwa herufi zake zilizonyooka: Kisiki, wa kike, orki, shoka moja, blanketi moja. Nguvu kumi na saba. Akafika chini ya ukurasa, kalamu ikasimama.

Kijiji cha asili. Groupement ya asili. Secteur. Territoire.

Alikuwa ameyabakiza mwenyewe, maneno yanayouliza mtu ni wa wapi, kutoka kijiji na kundi lake la vijiji hadi wilaya. Mikono yake iliyapita bila kuyaona, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa haijawahi kutoa fishi isiyo nayo. Akaona aibu, halafu hasira, na hasira hiyo haikuwa na wa kumwangukia ila yeye. Upande wa pili wa meza, Bertin alikuwa anajaza yake kwa furaha: Komanda Kilo, groupement ya Mlima wa Shaba. Mama Nadège alikuwa anaandika Msitu wa Fedha huku ametoa ncha ya ulimi. Ni viumbe wa uongo, lakini kila mmoja alikuwa na kwao kabla wino haujakauka. Kampire akaiacha ile mistari minne mitupu, akaigeuza fishi kifudifudi.

Siku hiyo ndiyo waliyokuwa wakiisubiri tangu Pasaka. Katika mchezo walikuwa wamevuka mabwawa na nyika ili kufika kwenye mji mkubwa wa Placide, ambamo mfalme mgonjwa alikuwa akiingoja dawa waliyoibeba. Placide hakuwa na ubunifu wa kutisha. Mji wake ulikuwa na ziwa, soko, vumbi na mama wa ndakala. Alichoongeza ni ukuta, na kwenye ukuta lango, na kwenye lango, kwa kuwa hajawahi kuona njia isiyo nayo, barieri ya kamba na askari wawili.

Fishi mpya zilimpa wazo, masikini. Akasimama, akasukuma tumbo mbele, akafanya sauti nzito ya mtu aliyelala vibaya.

"Simameni. Bafishi."

Wakacheka. Aliiga vizuri mno. Bertin akatoa yake, Placide akaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, akarudisha. "Mlima wa Shaba. Pita." Mama Nadège akatoa yake. "Msitu wa Fedha. Pita, mama. Muko na bazuri uko." Kicheko tena. Kampire akatoa ya kwake. Placide akasoma jina, akasoma shoka, akasoma blanketi, akafika chini.

"Groupement?" akasema, bado kwa sauti ya askari.

Kampire aliiweka kalamu mezani.

"Groupement haina hapa. We unatoka wapi?"

Na alipokwisha kulisema, uso wa Placide ulibadilika. Akaketi. Mtu mwema, Placide, lakini wema wake huchelewa kufika. Swali hilo kila mmoja chumbani alilielewa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukiri kwamba amelielewa.

"Placide, mupitishe tu," Mama Nadège akasema polepole.

"Ah, hapana," Bertin akasema. Hakuwa na ubaya. Alikuwa tu mtu wa utaratibu, jambo ambalo wakati mwingine ni baya kuliko ubaya. "Sisi wote tulijaza. Aandike hata nini, mustari moja tu. Na fishi ni yeye mwenyewe aliitengeneza. Ao ni uongo, Kampire?"

"Si uongo, patron."

"Bon. Basi jaza."

Kalamu ilikuwa mbele yake. Angeweza kuandika Jangwa la Mifupa, Bonde la Moshi, upuuzi wowote, na askari wa Placide angefungua kamba kwa shukrani. Alijua hivyo. Alijua pia kwamba akijaza, ataendelea kuja Jumamosi na Jumamosi haitakuwa tena Jumamosi. Itakuwa siku nyingine ya wiki. Akaondoa mkono mezani.

Placide alikuwa anatafuta mlango wa kutokea. "Tutupe dadu," akasema kwa haraka. "Iko aki kwa batu bote. Kumi na kuendelea, Kisiki anapita. Sawa?" Akamsogezea ile ya nyuso ishirini.

Bertin akakubali. Dadu haina upendeleo, akasema. Kampire akaichukua, akaitazama, akaiweka chini taratibu, uso wa moja ukiwa juu.

"Iyi siitupie dadu," akasema. "Banaweza kutupa dadu kuona kama niliruka mutaro. Si kuona kama niko wa fasi fulani."

"Ni muchezo, dada," Placide akasema.

"Najua ni muchezo. Ndio sababu nilikuya."

Placide akafungua kitabu, akafunua kurasa haraka, akafika anapopataka. Aliinua uso na ahueni ya mtu aliyepata dawa.

"Angalia, basi. Geuza kabila. Tunakuruhusu. Kisiki awe mutu. Kitabu kinasema batu banapita muji wote, hakuna mwenye kubauliza kitu. Nguvu utabakia nayo, shoka utabakia nayo. Unakuwa mutu, na inaisha."

Kampire alimtazama. Alikuwa amewahi kuwadharau watu wengi katika chumba kile, kwa sababu nyingi ndogo, lakini dharau aliyoisikia sasa haikuwa na haraka wala kelele, na hata haikumlenga Placide.

"Mwalimu," akasema, "mi niko mutu tangu miaka makumi tatu na mbili. Barière gani niliipita bila kuulizwa?"

Nje mtu alikuwa akipiga hodi kutaka fotokopi. Bertin hata hakugeuka. Placide alifunga kitabu. Kampire akaanza kukusanya vitu vyake, kitambaa, simu, miwani, kwa utaratibu wa mtu anayefunga kazi na hatarudi. Angeirudia meza hii Jumatatu kwa sababu ya mshahara. Jumamosi basi.

"Bénédiction anatoka," Mama Nadège akasema.

"Anatoka wapi?" Placide akauliza.

"Inje. Anapita chini ya kamba, anarudi uko alipokuwa. Anakaa chini na Kisiki."

Kampire hakuacha kukunja kitambaa chake. "Sikuomba huruma, Mama Nadège."

"Huruma ya nani? Mi nilikaa ku barière ya kweli siku mbili na ndakala za mukopo wa dada yangu, juu mutu mumoja alisema karatasi haiko muzuri. Zikaoza zote. Nikakaa nazo mu njia, zinanuka, na mi nanuka." Alisema hivyo bila kucheka, na kwa mara ya kwanza Kampire aliona uso wa mama huyo ukiwa umetulia, akaona kwamba hakuwa ameujua. "Siku ile hakuna mutu alitoka ndani kuya kukaa na mi. Basi. Bénédiction anakaa."

"Elfi akae mu vumbi," Kampire akasema. Alitaka lisikike kama dharau. Halikusikika hivyo vizuri.

"Atachafuka. Ana miaka mia saba ya kunawa."

Kampire alisimama na mkoba begani. Hasira haikuwa imemtoka, na hakumsamehe mtu yeyote. Lakini ilimkera kwamba amekuwa akimcheka mwanamke huyu mwaka mzima kwa kosa lisilo lake, na mtu wa kazi safi hawezi kuacha kosa likae kwenye karatasi. Akavuta kiti, akaketi.

"Kisiki anatoa blanketi," akamwambia Placide. "Ni moja. Anaikata katikati."

Placide akaanza kusimulia, kwanza kwa kusitasita, halafu kwa sauti yake mwenyewe: vumbi mbele ya lango, jua likiwa bado juu, na kando ya ukuta, kumbe, wengine waliorudishwa tangu asubuhi. Mjane mwenye mbuzi. Mganga asiye na karatasi. Jitu moja dogo lenye homa. Kisiki akauliza ni nani anayejua njia ya maji. Bénédiction akamfunga jitu kichwa kwa kipande cha gauni lake la fedha. Mganga akasema kwamba ugonjwa wa mfalme anaujua, na kwamba dawa waliyoibeba kutoka mbali ni ya uongo. Mama Nadège akaomba dadu, akaitupa, ikatoka kumi na tisa. Kampire akapiga meza kwa kiganja.

Walikuwa wamekwenda hivyo karibu saa nzima pale Bertin, ambaye fishi yake ilikuwa imejazwa mstari kwa mstari na kuwekwa sawa mbele yake, alipokohoa.

"Na mi?" akauliza. "Komanda Kilo anafanya nini?"

Placide alimtazama kama aliyemsahau.

"We uko ndani, Bertin," akamwambia. "Ulipita."